Kodi ya Dar, Mwanza na Musoma: jinsi ya kulinganisha nyumba ya kupanga bila kuingia mkenge

Kila mara mtu akisikia nakaa Mwanza ananiuliza "eti huko nyumba bei gani?", na mwanzoni nilikuwa naropoka tu namba, laki na nusu, laki mbili, mtu anafunga mizigo Dar anakuja na namba yangu kichwani alafu anakuta dalali anamwambia miezi sita kwa mpigo na nyumba yenyewe iko juu ya jiwe boda haipandi. Baadae mdogo wangu akapata kazi Musoma, akaniuliza swali hilo hilo, ndo nikakaa chini na kalamu. Haya ninayoandika ndo yaliyotoka kwenye ile karatasi, pamoja na makosa niliyofanya mwenyewe kwenye nyumba tatu nilizopanga huku.

Kwanza tuelewane, mji mkubwa na mji wa kati inategemea umesimama wapi. Kwenye sensa ya 2022 Dar ilikuwa na watu zaidi ya milioni 5.3, Nyamagana na Ilemela ukizijumlisha (hiyo ndo Mwanza mjini) zinazidi kidogo milioni 1.1, na manispaa ya Musoma au Bukoba hata laki mbili hazifiki. Kwahiyo mtu wa Dar anaiona Mwanza mji wa kati, mtu wa Musoma anaiona jiji. Kuna pengo kati ya Dar na Mwanza na kuna pengo lingine kati ya Mwanza na miji inayoizunguka, na hayafanani hata kidogo.

Hatua ya 1: Andika nyumba unayotaka, kabla ya kuuliza bei

Hapa ndo wengi wanapotea. Unalinganisha chumba cha Mbagala cha choo cha nje na apatimenti ya Isamilo yenye geti na tailizi alafu unasema Mwanza ghali. Chukua karatasi uandike: vyumba vingapi, choo ndani au nje, jiko lipo au unapikia kibarazani, mita ya umeme ni yako peke yako au mnachangia, maji ya bomba yanaingia ndani au yanaishia uani, kuna simtanki au hamna, fensi, parking, barabara inafika mlangoni au hapana. Hiyo karatasi ndo unaisoma kwa kila dalali, wa Dar na wa Mwanza na wa Musoma, usibadilishe kitu hata akikuambia "bosi hii nyingine ni kali zaidi".

Kitu kimoja nilichokiona baada ya kuuliza sana: chumba kimoja, chumba na sebule, hizi nyumba za kawaida zinashuka bei vizuri ukitoka Dar kuja Mwanza, na zinashuka tena ukienda Musoma au Bukoba. Apatimenti nzuri ya vyumba viwili haishuki hivyo, na ukifikiria unaona kwanini. Tailizi zinatengenezwa mkoa wa Pwani, zinapanda lori zaidi ya kilomita elfu moja mpaka zifike ziwani, aluminiamu na vitu vya chooni navyo vinapakuliwa bandarini Dar, kwahiyo aliyejenga hajajenga kwa bei rahisi. Alafu ziko chache, na wanaozitaka ni watu wa benki, mashirika, migodi, watu ambao kodi wanalipiwa. Kwenye mji mdogo unaweza kukuta apatimenti za maana zinahesabika, mwenye nyumba anajua hilo na wewe hauna pa kwenda.

Hatua ya 2: Ujue mji unakula nini

Ukubwa wa mji peke yake hauelezi kodi. Geita ni mdogo kuliko Mwanza lakini mgodi wa GGM uko pale tangu 2000 na mwenye nyumba wa Geita anajua mfanyakazi wa mgodi anaweza kulipa nini, Kahama nayo vivyo hivyo kwa sababu ya dhahabu na biashara. Hata ndani ya Mwanza yenyewe, Malimbe na Nyegezi kodi inaendeshwa na wanafunzi wa SAUT (chuo kikuu cha Mtakatifu Agustino), wakati vyuo vinafunguliwa kuanzia Oktoba vyumba vinagombaniwa kama sato wa asubuhi, kwahiyo kama unataka upande ule nenda mwezi wa saba au wa nane wanafunzi wakiwa makwao, hapo mama mwenye nyumba mwenyewe anakupigia simu.

Na sasa hivi kuna daraja la Kigongo–Busisi, lile la kilomita 3 na kitu lililofunguliwa Juni 2025. Zamani mtu wa Sengerema alikuwa anapanga foleni ya kivuko, hakuna aliyefikiria kukaa kule akafanya kazi mjini. Sa hivi ukilinganisha, weka na Usagara kwenye orodha, na Sengerema kama una usafiri wako.

Hatua ya 3: Kusanya bei, sio bei moja

Kwa kila eneo tafuta bei kumi za nyumba ile ile ya kwenye karatasi yako. Kumi. Magrupu ya WhatsApp ya madalali yapo tele, lakini zile ni bei za kutajiwa, sio bei ambazo watu wanalipa kweli. Anayejua bei ya kweli ni mpangaji aliyeingia miezi michache iliyopita, muuza genge, fundi wa umeme wa mtaa, na bodaboda wa kijiweni ambao wanajua mpaka nani kahama jana. Ukishapata kumi futa ya juu kabisa na ya chini kabisa, alafu zile nane zilizobaki zipange kuanzia ndogo, chukua mbili za katikati, wastani wake ndo bei ya eneo. Ile ya chini sana kuliko zote mara nyingi ina kasoro yake (maji, kilima, mita ya kuchangia) au ni utapeli, mtu anapiga picha za nyumba ya mwenzie anataka "utume advansi ishikiliwe". Usitume hela kwa nyumba ambayo hakuna mtu wako aliyeingia ndani.

Kama uko Dar unahamia Mwanza na huna ndugu huku, ni bora ulale gesti siku tatu nne uzunguke mwenyewe. Hela ya gesti utairudisha.

Hatua ya 4: Hela ya kuingilia

Hii ndo inayouma. Kodi tunaisema kwa mwezi lakini hatulipi kwa mwezi, tunalipa miezi mitatu, sita, wengine mwaka mzima, na juu yake dalali anachukua kodi ya mwezi mmoja, na bado kuna ile hela ya kuzungushwa kuoneshwa nyumba hata kama hujapenda yoyote. Kwahiyo nyumba mbili zenye kodi sawa zinaweza kutofautiana kabisa siku ya kuingia.

Nachukua namba za kuhesabia tu, weka za kwako. Dar chumba na sebule selfu (choo ndani) 250,000, miezi sita, na dalali mwezi mmoja: 1,750,000 inakutoka siku moja. Mwanza nyumba hiyo hiyo 150,000, miezi mitatu na dalali: 600,000. Musoma 100,000, miezi mitatu, umeunganishwa na mtu wa kazini bila dalali: 300,000. Unaona? Kwa mwezi Dar ni mara mbili na nusu ya Musoma, ila kwa hela ya kuingilia ni karibu mara sita. Mtu anayeanza maisha hiyo ya pili ndo inayomuhusu.

Miezi inajadilika kuliko bei, hasa miji ya kati ambako mwenye nyumba mara nyingi anakaa hapo hapo au mtaa wa pili na unaweza kuongea nae mwenyewe. Nyumba yangu ya pili, Buhongwa, dalali aliniapia kwamba bibi hataki chini ya miezi sita. Nikarudi kesho yake asubuhi bila dalali, nikamsalimia "mwangaluka" (salamu ya Kisukuma ya asubuhi), tukakaa kwenye mkeka tukaongea habari za nyumbani na mvua na mahindi mpaka chai ikaja, miezi mitatu ikapatikana. Dalali nilimpa chake, asije akaninunia mtaa mzima, lakini ile sita ilikuwa ya kwake sio ya bibi.

Kwa wanaovuka mpaka wa Sirari kwenda Kisumu hesabu inabadilika kabisa. Kenya mpangaji kwa kawaida analipa mwezi kwa mwezi, mwanzoni anaweka na dipoziti ya mwezi mmoja ambayo inatakiwa irudi akihama. Kwahiyo bedsita (chumba kimoja cha kulala na kupikia) ya Kondele au Mamboleo kule Kisumu ukiibadilisha kwa shilingi zetu inaweza kuonekana ghali, lakini hela ya kuingilia ni miezi miwili tu. Ulinganishe kwa hela ya kuingilia na kwa mwaka, usilinganishe kwa mwezi peke yake utajidanganya.

Hatua ya 5: Luku na maji, hapa panahitaji utulivu

Umeme wa Tanesco ni bei moja nchi nzima, Dar na Bukoba uniti ni ile ile. Kinachobadilika ni mita uliyokutana nayo. Anayetumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi na yuko kwenye kundi la matumizi madogo analipa 100 kwa uniti, kundi la kawaida ni 292, na juu yake kodi na tozo zinafika asilimia 22 (VAT 18, REA ya umeme vijijini 3, EWURA ya udhibiti 1). Kwahiyo uniti 75 ni 9,150 kwa mmoja na karibu 26,700 kwa mwingine, umeme ule ule, feni ile ile. Sasa nyumba ambayo wapangaji wanne mnachangia mita moja, hamuwezi kubaki chini ya 75 hata mkilala giza, mtakuwa kwenye 292 tu, alafu bado kuna ugomvi wa nani ana friji na nani anapiga pasi usiku. Mita ya peke yako inaweza kukuokolea zaidi ya elfu 17 kila mwezi, yani nyumba ya 115,000 yenye mita yako inaweza kuwa rahisi kuliko ya laki moja ya kuchangia.

Njia ya kujua kabla hujalipa kodi: omba namba ya mita, nunua umeme wa 5,000 kwa simu yako mwenyewe, hiyo hela ihesabu kama sadaka. Ukipata uniti kama 41 uko kundi la chini. Ukipata kama 14 uko la kawaida. Ukiona 29 au 10 basi mwezi huo kodi ya jengo ilikuwa haijakatwa, umekatwa wewe 1,500 (nyumba ya kawaida ni 18,000 kwa mwaka, inakatwa kidogo kidogo kwenye luku, ghorofa ni zaidi). Ile kodi ya jengo ni ya mwenye nyumba, sio yako, mwambie mapema mtaipunguza kwenye kodi. Na ukipata uniti pungufu kuliko hizo zote, mita ina deni la zamani na kila ukinunua itakuwa inalilipa. Mimi nyumba ya kwanza sikufanya hivi, nikalipia deni la mpangaji aliyehama bila hata kumjua jina.

Joto nalo ni hela. Mwanza iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, usiku unajifunika shuka, Bukoba ndo kabisa unatafuta blanketi. Dar ukizima feni usiku wa Januari hulali. Aliyekuwa na AC Dar akija huku bili yake inashuka na yeye mwenyewe anashangaa.

Maji sasa. Mwanza tumekaa juu ya ziwa lakini maji yanakuja kwa zamu, na sababu ni vilima. Chanzo cha zamani kiko Capri Point, kimeongezwa kingine Butimba, lakini kusukuma maji mpaka juu ya mawe ya Mabatini au Igogo ni kazi nyingine. Usiulize "maji yapo?" maana wote watakujibu yapo. Uliza "yanatoka siku gani na saa ngapi", alafu uliza jirani swali hilo hilo. Kama hakuna simtanki, hesabu madumu: familia inayotumia madumu nane kwa siku, siku tatu kwa wiki za kununua, zidisha na bei ya dumu ya mtaa huo pamoja na mtu wa kupandisha, weka kwenye kodi.

Hatua ya 6: Kilima na ziwa

Hivi viwili Dar havipo kwahiyo mgeni havihesabu. Nyumba ya kilimani ni rahisi na ina upepo na unaliona ziwa lote mpaka unajiona tajiri, lakini gesi, mchele, mgonjwa, kila kitu kinapandishwa kwa miguu. Mvua kubwa ikipiga yale mawe yanateremsha maji na tope kwenye nyumba za chini yake. Angalia ukuta wa nyuma kama una alama ya maji.

Ya ziwani nayo: 2020 na tena 2024 ziwa lilipanda mpaka likaingia kwenye nyumba na hoteli za ufukweni, Mwanza, Musoma, Kisumu, kote. Alafu sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa maji, kwahiyo ukioneshwa nyumba nzuri ufukweni kwa bei ya kutupa, pima kwa miguu, na tazama ukutani kama hamna X ya kubomolewa iliyopakwa rangi juu yake. Kodi ya mwaka ukiilipa hapo ni kamari.

Hatua ya 7: Nauli, alafu jumlisha yote

Hapa ndo hesabu yangu ilinigeuka. Chukua siku 26 za kazi. Dar unakaa mbali, daladala mbili kwenda mbili kurudi, tuseme 700 kila moja: 72,800 kwa mwezi. Mwanza daladala moja kwenda moja kurudi kwa 600: 31,200. Ila kama nyumba iko Buswelu ndani ndani na unahitaji boda ya buku mpaka barabarani asubuhi na jioni, ongeza 52,000, unafika 83,200. Umemzidi mtu wa Dar!

Sasa jumlisha: kodi, hela ya dalali ukiigawa kwa 12, nauli, luku (nimeweka 26,700 kwa wote isipokuwa Musoma ambako mita ni ya peke yake, 9,150), na maji 15,000. Dar inatoka kama 385,300. Mwanza nyumba ya 150,000 kule ndani inatoka 287,400. Mwanza nyumba ya 180,000 Pasiansi au Kitangiri, unatoka geti unapanda gari, inatoka 267,900. Umeona kilichotokea hapo? Nyumba yenye kodi kubwa kwa elfu 30 imekuwa rahisi kwa 19,500, na hujalowa mvua kwenye boda. Mi nilikaa mwaka mzima kule ndani nikijisifu nimepata nyumba ya bei chee.

Musoma mdogo wangu anatembea kwa miguu kwenda kazini, kwahiyo kwake ni 100,000 na luku na maji, kama 124,150. Lakini mji mdogo una nauli yake iliyojificha: kila mwezi anakuja Mwanza, mara kliniki Bugando, mara vitu vya duka ambavyo kule havipatikani, mara harusi. Weka 30,000 ya basi kwenda na kurudi, 154,150. Bado iko chini sana, siwezi kubisha.

Ila ugawe na mshahara. Mwalimu wa serikali analipwa ngazi ile ile Dar na Musoma, kwake mji wa kati ni faida tupu. Fundi, dereva bolti, anayeuza nguo mtandaoni, mama lishe, hawa kipato kinafuata watu, wakihama Dar kwa sababu ya kodi wanaweza kuokoa laki mbili wakapoteza laki nne. Mtu wa namna hiyo ahamie na wateja kwanza, nyumba baadae.

Hatua ya 8: Kuhama kwenyewe na karatasi

Mizigo kutoka Dar usikodi lori zima kama huna vitu vya thamani. Uza kabati na kitanda, beba godoro, friji na vyombo, tafuta gari linalokuja na mzigo wa mtu mwingine lenye nafasi. Gharama hiyo igawe kwa miezi unayotegemea kukaa, kama ni kazi ya mkataba wa miezi sita inaweza kula unafuu wote wa kodi.

Mkataba uandikwe, hata kama mwenye nyumba ni mjomba wa rafiki yako. Uwe na tarehe, miezi uliyolipia, kodi haitapanda mpaka lini, taarifa ya kuhama ni muda gani, na ukihama kabla hela iliyobaki inakuwaje. Pitia ofisi ya serikali ya mtaa mwenyekiti akujue na agonge muhuri. Piga picha kila chumba, na mita, na ufa wa ukutani, mtumie mwenye nyumba hapo hapo WhatsApp ili tarehe ibaki.

Alafu kabla hujatoa hela, rudi kwenye ile nyumba peke yako saa mbili usiku. Sikiliza kama kuna baa nyuma yake, ona taa za njiani kama zipo, mwambie boda akupeleke mpaka mlangoni uone anaishia wapi. Omba ufungue bomba la jikoni, usikubali kuoneshwa la uani.